Mkono Uliomlisha Redio

Siku Redio alipomuoa Kimya, soko zima lilicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walisema tu nyumba hiyo itakuwa na kazi, maana bwana harusi hana breki na bibi harusi hana honi.

Redio alikuwa fundi cherehani. Alikaa na mashine yake kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, na mdomo wake ulianza kazi asubuhi kabla ya mashine, ukaendelea jioni mashine ikiwa imeshafunikwa. Vipimo vya mtaa mzima alikuwa navyo kichwani, na pamoja na vipimo, habari zao. Ukienda kupunguziwa kiuno cha suruali, unarudi unajua nani kagombana na nani na nani kawapatanisha.

Kimya alikuwa mwanamke wa chaza. Jina lake la kuzaliwa alilijua marehemu mama yake na labda mwalimu wake wa darasa la kwanza. Wengine wote walimwita Kimya, naye aliitika kwa kugeuza kichwa. Maji yakipwa alishuka mlangoni mwa mto, pale mto unapokutana na bahari, akatembea kwenye tope mpaka magotini, na kwa kisu kifupi kipana akawabandua chaza kwenye mizizi ya mikoko. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake pamoja na makatazo yake matatu. Maji yakiwa mekundu, usiguse. Yakinuka, usiguse. Na ukiona kaa wanakimbia tope lao wenyewe, na wewe kimbia.

Walikutana kwa sababu ya kikapu. Kimya alipeleka kikapu chake cha turubai kishonwe mpini, na Redio, badala ya kukitazama kikapu, akatazama mikono. Ilikuwa imechanjwachanjwa na magamba ya chaza kama ubao wa kukatia nyama. Hakusema kitu, jambo ambalo kwake lilikuwa ugonjwa. Kesho yake kikapu kilikuwa tayari, na ndani yake kulikuwa na glavu za turubai, zimeshonwa kwa uzi mara mbili.

"Asante," Kimya akasema.

Redio alizunguka soko zima akitangaza kwamba yule mwanamke kamsemesha.

Wote wawili walikuwa wameshafika umri ambao ndugu huacha kuuliza utaoa lini. Walipanga nyumba ya vyumba viwili na sebule, na chumba cha pili akakaa mama yake Redio, mjane, mwanamke mfupi mwenye macho makali na kikohozi cha kueleweka: kulikuwa na kikohozi cha kifua na kulikuwa na kikohozi cha maoni. Mama mkwe huyu hakumchukia Kimya. Ila hakumwelewa. "Mwanamke asiyesema," aliwahi kumwambia mwanawe mlango ukiwa wazi, "anaficha nini?"

"Anaficha mimi, mama," Redio akajibu. "Amenificha humu ndani wenzake wasinione."

Walikaa hivyo miaka kadhaa, na ilikuwa miaka mizuri. Watoto hawakuja. Waliwasubiri, kisha wakaacha kuwasubiri, na hilo nalo walilipitia pamoja bila kulaumiana. Jioni Redio alirudi na habari za siku nzima akammwagia mkewe mezani kama mtu anayemwaga mfuko wa vifungo, na Kimya akachambua: hii ya kweli, hii umeongeza, hii usiirudie mbele ya mama.

Karibu na mlango wa mto kulikuwa na kituo kidogo cha utafiti wa maji, nyumba ya bati yenye vyumba viwili na boti moja. Mtaalamu wake alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye shati lililokosa kifungo cha pili tangu lilipokuwa jipya. Siku moja alimletea Redio kitambaa chepesi ajabu, chenye matundu madogo kiasi kwamba ukikishika juani hulioni hata moja, akamwomba amshonee nyavu. Redio akautazama mchoro: mfuko mrefu, mpana juu, mwembamba chini, na mwishoni mahali pa kufungia chupa.

"Hii ni suruali," Redio akasema. "Lakini huyu mteja wako, mguu wa pili kaupeleka wapi?"

Mtaalamu akacheka mpaka akakaa kwenye benchi. Tangu siku hiyo wakawa marafiki, na Redio akambatiza jina la Bwana Tone, kwa sababu maisha yake yote yalikuwa kutazama matone ya maji. Bwana Tone naye akamkaribisha kituoni, akamwekea tone moja chini ya hadubini. Jioni ile Redio aliingia nyumbani hata viatu hajavua.

"Mke wangu, leo nimeona mji. Ndani ya tone moja! Kuna vijimea vidogo, vingine kama vifungo, vingine kama mkufu wa kioo. Vinakula mwanga wa jua tu, havigombani na mtu. Halafu kuna vijidudu vina pembe na ndevu, hivyo vinakula vijimea. Vyote vinaelea tu, maji yakienda vinakwenda. Bwana Tone anaviita planktoni. Sasa sikiliza. Kamba wachanga wanakula vijidudu, dagaa wanakula kamba wachanga, samaki mkubwa anakula dagaa, na mimi namla samaki mkubwa."

"Na wewe unaliwa na nani?" Kimya akauliza.

Redio akafikiri. "Mimi ananila mama. Kidogo kidogo, kila siku."

Kutoka chumba cha pili kikasikika kikohozi cha maoni.

"Na chaza?" Kimya akauliza tena, maana hilo lilimhusu.

"Chaza ndiye mjanja wao. Hamkimbizi mtu. Amekaa kwenye mzizi wake, anafungua mlango, anavuta maji, anachuja, chakula anabakiza, maji anayarudisha. Ndoo kwa ndoo, kutwa nzima. Kama mimi na habari za watu."

"Wewe hurudishi maji safi," Kimya akasema, na Redio akafurahi kiasi kwamba aliirudia kauli hiyo sokoni wiki nzima.

Mwaka ule mvua zilinyesha kwa wingi huko juu mto unakotoka. Mto ukashuka mzito, rangi ya kahawia, umebeba udongo wa mashamba na mbolea zake. Baadaye mvua zikakatika ghafla, likafuata jua kali na upepo ukatulia. Mlango wa mto ukalala laini kama shuka iliyopigwa pasi. Kimya alishuka siku ya mapumziko ya mumewe, maana Redio alikuwa ameomba chaza wa kuchoma. Aliyatazama maji kama alivyofundishwa. Hayakuwa mekundu. Hayakunuka. Kaa walikuwa kwenye tope lao, wanapungiana mikono kama kawaida yao, na ndege wenye miguu mirefu walikuwa wanadonoa pembeni bila wasiwasi. Akaenda mpaka mizizi ya mbali, inayotazama mkondo mkubwa, ambako chaza huwa wanono, akamchagulia mumewe mmoja mmoja.

Mama mkwe alikuwa amekwenda kumtembelea mwanawe mkubwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nyumbani walikuwa wawili tu. Kimya akawasha mkaa uani, akawapanga chaza juu ya wavu, wakaanza kufunguka kwa mlio mdogo, naye akakamulia limau na pilipili. Redio alikula kama anayelipiza kisasi. Kimya alionja wawili au watatu hivi. Mwanamke anayeshinda na chaza hana hamu nao. Raha yake ilikuwa kumtazama yule anayekula.

Magamba yalikuwa yameshaanza kupoa Redio alipojigusa mdomo.

"Mke wangu, midomo yangu imehama."

"Pilipili."

"Pilipili inaunguza. Hii imehama kabisa, imebeba na vyombo. Leo nikimbusu mtu sitajua nimembusu nani."

Kimya akacheka. Alicheka sana, kichwa nyuma, kama alivyokuwa anacheka na mtu huyo peke yake duniani. Yeye mwenyewe ulimi ulikuwa unamtekenya kidogo, akadhani ni limau. Redio akainuka, akaingia sebuleni, Kimya nyuma yake, akachukua gauni la mteja lililohitaji pindo na kujaribu kutunga uzi kwenye sindano. Sindano ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena. Mara ya tatu aliishika kwa nguvu, nayo ikaingia kwenye ncha ya kidole, ikazama, na yeye akakaa akiitazama tu.

"Haiumi," akasema.

Damu ilitoka, tone dogo jekundu juu ya gauni la watu. Redio aliitazama damu ile, kisha akamtazama mkewe, na uso wake haukuwa na mzaha wowote. Hapo ndipo Kimya alipoacha kucheka.

Jirani mwenye pikipiki aliwapeleka zahanati. Redio alikaa katikati, miguu ikiwa imelegea kama ya mtoto aliyesinzia, na Kimya akamkumbatia kwa nyuma asianguke. Nesi wa zamu alimlaza, akamuuliza jina. Redio akaanza kujibu. Lilikuwa jibu refu, Kimya aliona hivyo kwenye macho yake, maana yalikuwa yanang'aa kama yanavyong'aa anapokaribia mwisho wa kisa. Lakini kilichotoka mdomoni kilikuwa pumzi tu. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho ya mtu aliyesema maisha yake yote, na hakuna aliyeyasikia.

Zahanati haikuwa na mashine ya kupumulia. Kulikuwa na mpira wa kubana kwa mkono, wa kusukumia hewa. Nesi akaufunga usoni kwa Redio, akaanza kubana. Gari la kwenda hospitali kubwa likaitwa, likaja, wakampakia. Njiani mikono ya nesi ilichoka, Kimya akaupokea mpira. Akabana, kifua kikapanda. Akaachia, kikashuka. Redio hakuwa amezirai. Macho yake yalikuwa wazi, yanamtazama mkewe, yanajua kila kitu, na hakuweza kutikisa hata kope. Walikuwa wanavuka daraja la mto wakati mwanga wa macho yale ulipobadilika. Kimya aliendelea kubana mpaka wakafika hospitali, mpaka nesi akamshika kiganja na kumwambia taratibu, "Dada, basi. Basi sasa."

Msibani watu walijaa hadi barabarani, maana hakukuwa na mtu ambaye Redio hakumshonea au kumsimulia. Na penye wengi pana mengi. Mtu mzima, mwenye nguvu zake, kala chakula cha mkewe mchana, jioni kafa. Mke kala chakula hicho hicho na yuko hapa, mzima. Hawana mtoto. Na yeye analia? Halii, kakaa tu kwenye mkeka anatazama mikono yake.

Shemeji yake, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alilisema waziwazi mbele ya wafiwa. "Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Na marehemu ndugu yangu alikuwa fundi nguo."

Mama mkwe hakumkanya mwanawe. Alisema kwa sauti ya chini, kama anayejibu swali la zamani, "Niliuliza. Mwanamke asiyesema anaficha nini? Niliuliza nikaonekana mbaya."

Kimya hakujitetea. Hakuwa na maneno hata siku za furaha, angeyatoa wapi siku ile? Kimya chake kikawa ushahidi dhidi yake. Aliitwa kituo cha polisi, akahojiwa, akaachiwa kwa kuwa hawakupata cha kumshikia. Kurudi kwake, wanawake aliokuwa anashuka nao kwenye tope walimpisha njiani kwa heshima ile ambayo watu humpa mbwa wasiyemjua.

Bwana Tone hakuzungumza mengi msibani. Alisubiri watu wapungue, akachuchumaa mbele ya Kimya.

"Alikula nini, shemeji?"

"Chaza."

"Uliwatoa wapi?"

"Mizizi ya mbali. Inayotazama mkondo."

Akafumba macho kidogo, akaondoka. Alikwenda na boti yake mpaka kwenye mizizi ile, akachukua chaza, akawaweka kwenye barafu na kuwapeleka maabara kubwa ya mjini. Siku hiyo hiyo aliwaomba wazee wa mtaa watangaze kwamba hakuna kula chaza wala kombe wowote mpaka atakaposema. Wengine walimsikia, wengine walisema mtu kauawa na mkewe, chaza wana kosa gani?

Majibu yalipokuja, aliomba ukoo ukusanyike. Walikaa sebuleni, mama mkwe kwenye kiti chake, shemeji karibu na mlango, Kimya sakafuni pembeni ya mashine ya marehemu, iliyoletwa kutoka kibarazani. Bwana Tone alieleza polepole, akirudia pale alipoona uso wa mtu umekunjamana. Kwenye mlango wa mto, alisema, kila kiumbe kinamla mwenzake, na mwanzo wa yote ni vile vijimea visivyoonekana kwa macho. Mvua ilipoleta mbolea na jua likawaka juu ya maji yaliyotulia, vijimea vikazaana kupita kiasi, na safari hii vilivyozaana zaidi ni vya aina yenye sumu. Chaza anavichuja na kuvila. Yeye sumu haimdhuru, lakini inakusanyika mwilini mwake. Moto hauiondoi, limau haliiondoi. Mtu akila wengi, sumu inafunga mishipa ya fahamu, kifua kinasahau kupumua.

"Maji yalikuwa mekundu?" mama mkwe akauliza.

"Hapana, mama. Safari nyingine yanakuwa na rangi, safari nyingine hayana. Hakuna jicho lingeona."

"Na huyu mbona hakufa?"

"Alikula wachache."

"Kwa hiyo nani kaiweka hiyo sumu?"

"Hakuna mtu, mama."

"Mwanangu kafa, halafu hakuna mtu?"

Shemeji akajikohoza. "Kwa hiyo, kwa maneno mengine, shemeji hana kosa."

"Hana kosa lolote."

Sebule nzima ilishusha pumzi. Watu wakageuka kumtazama Kimya, wakingoja machozi ya mtu aliyetolewa kifungoni. Kimya aliinua uso.

"Kwa hiyo walikuwa chaza wangu."

"Shemeji..."

"Wale niliomchagulia."

Bwana Tone akainamisha kichwa. "Ndiyo."

Tangu msiba Kimya alikuwa na tumaini moja, dogo na la aibu, ambalo hakumwambia mtu: labda ulikuwa moyo. Labda Redio alikuwa na ugonjwa wake wa siri. Labda hata kuna mtu aliyemtilia kitu kwenye chai sokoni. Maneno ya watu aliweza kuyabeba kwa sababu yalikuwa uongo, na mtu hubeba uongo wa wenzake huku anajua moyoni kwamba si wake. Sasa walikuwa wamemvua uongo ule kwa heshima zote, wakamvika ukweli. Hakuwa muuaji. Ni mkono wake tu ndio uliomlisha, kwa mapenzi, wanono kwanza.

Shemeji alikuwa ameshapanga yaliyobaki. Mama atahamia kwake, nyumba irudishwe kwa mwenyewe, mashine ipelekwe dukani kwake. Aliyasema kwa upole, maana alikuwa na haya ya yale aliyoyasema msibani. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sitoki," akasema.

"Mama, utakaa na nani?"

"Na huyu."

"Huyu?"

"Kwako pamejaa watu, na hakuna anayemtaja ndugu yako, mnaogopa nitalia. Huyu hata hasemi, lakini nikiamka najua na yeye hajalala, na najua ni kwa ajili ya nani. Mashine iacheni hapo ilipo."

Msamaha hakuomba, si siku ile wala baadaye, na Kimya hakuungoja. Walianza kuishi wawili, mama mkwe na mkwe, kama watu waliookolewa kwenye maji wakawekwa chumba kimoja. Wakati mwingine mama mkwe alianza kisa cha Redio akiwa mtoto, kwamba alichelewa kusema mpaka wakadhani ni bubu, na Kimya akaacha kufua akasikiliza. Kisa kilipoisha mmoja alitazama mlango, mwingine akatazama maji ya sabuni. Kimya alikuwa anafua nguo za watu kwa wakati ule. Mlangoni mwa mto hakukanyaga.

Bwana Tone alimfuata mara kadhaa. Kituo kilitaka mtu wa kuleta chaza kila wiki kutoka mizizi ile ile, wapimwe, ili sumu ikirudi ijulikane kabla haijafika mezani kwa mtu. Kimya alimkatalia. Hakutoa sababu, na Bwana Tone, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, hakuiuliza.

Kisha zikaja tena mvua nyingi, zikakatika, likafuata jua, na upepo ukalala. Kimya alikuwa anaanika shuka za watu aliposikia utulivu ule hewani. Wanawake walipita na vikapu vyao wakiteremka, wanacheka, wanasema maji leo mazuri kama kioo. Aliacha shuka kwenye beseni. Alikwenda kituoni akamkuta Bwana Tone mlangoni.

"Nipe kikapu," akasema.

Kuingia tena kwenye tope lile lilikuwa jambo ambalo hakumweleza mtu yeyote. Alikwenda mpaka mizizi ya mbali, akasimama mbele yake muda mrefu, maji yakiwa yanamzunguka magoti, safi, yasiyo na harufu, kaa wakiendelea na shughuli zao. Akatoa kisu. Akawabandua chaza.

Majibu yalirudi mabaya. Kitambaa chekundu kikapandishwa kwenye mti mrefu hapo wanaposhukia wanawake, na Kimya, ambaye hakuwahi kuhutubia hata watu wawili, akalazimika kupita meza kwa meza sokoni akisema, "Msile. Msiuze. Subirini." Kwenye meza ya mwisho alikuwepo shoga yake, aliyekua naye, aliyeshuka naye kwenye tope tangu wakiwa wasichana. Mwanamke yule alikuwa na beseni limejaa na watoto wanaotegemea beseni hilo.

"Umeshamzika mumeo," akamwambia. "Sasa unataka kutuzika na sisi kwa njaa."

Kimya alisimama palepale. Angeweza kusema mengi. Redio angesema mengi, na mwisho wake shoga yule angecheka na kumwaga beseni mwenyewe. Kimya hakuwa na kipaji hicho. Aliinama, akalishika beseni la mwenzake kwa mikono miwili, akaanza kulia, sauti kubwa, katikati ya soko, mbele ya watu wote, kilio ambacho hakukilia msibani. Watu waliacha kununua na kuuza. Shoga yake alimtazama, akatazama beseni, mwishowe akamwondoa mikono yake taratibu, akaenda kumwaga chaza wote shimoni. Hakurudi kuzungumza naye mpaka msimu mwingine.

Hakufa mtu mwaka ule. Huenda asingekufa mtu hata bila kitambaa chekundu. Hakuna anayejua, na ndiyo taabu ya kazi ile. Wakati kitambaa kimepanda, watu walihesabu hasara zao. Kiliposhushwa, walisema si mmeona, hakuna kitu.

Mama mkwe alizeeka kwa haraka. Macho yalififia, akawa anatambua watu kwa hatua zao. Msimu mmoja, maji yakiwa yamepimwa na kuonekana salama wiki baada ya wiki, alimwita Kimya chumbani.

"Nataka chaza," akasema.

Kimya alidhani hakusikia vizuri.

"Wa kuchoma. Kama wale."

"Mama, hapana."

"Si unasema ni wazima?"

"Ni wazima. Lakini hapana."

"Mimi sijawahi kuwala tangu siku ile. Sijui alikuwa anakula kitu gani. Nichomee."

Kimya aliwachoma. Aliwachoma uani kwa mkaa, akawakamulia limau, akamlisha mama mkwe kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa bibi hakuona sahani. Mama mkwe alitafuna polepole kwa meno machache aliyobakiwa nayo. Alikula wanne. Akafuta mdomo.

"Watamu," akasema. "Kumbe alifurahi."

Kimya alikaa miguuni pake mchana kutwa, akiuliza, "Midomo, mama?" naye akijibu, "Ipo." Baada ya muda, "Vidole?" "Vipo, mwanangu, vipo." Jua likashuka, mama mkwe akiwa mzima, anapumua, anakohoa kikohozi cha kifua. Ndipo aliponyoosha mkono akapapasa mpaka akapata kichwa cha Kimya, akaukalisha mkono wake hapo.

"Chaza usinipikie tena," akasema.

Kimya akasema sawa. Hawakulizungumza tena. Mama mkwe alifariki mwaka uliofuata, kitandani kwake, kwa uzee, na aliyekuwa karibu naye ni mkwewe. Shemeji alikuja kuchukua vitu vya mama, safari hii akiwa mnyenyekevu, akamwachia mashine.

Kimya alihamia chumba kimoja nyuma ya soko. Kila wiki, maji yakipwa, anashuka mlangoni mwa mto na kikapu cha kituo. Amezeeka kidogo, goti moja linamsumbua kwenye tope. Akirudi, wanawake humuuliza kwa mbali, bila kumwita jina, "Vipi leo?" Naye akishapata majibu kwa Bwana Tone hupita mezani kwao, akasema, "Kuleni," au akasema, "Msile." Halafu huenda kwake, akafunga mlango.